Trei Haivunjwi Mbele ya Mwenyewe

Siku dada yake alipofariki, Nesi ndiye aliyetandua kitanda.

Ilikuwa asubuhi, vikombe vya chai havijaondolewa, katika wodi ya wanawake ya hospitali ileile waliyofanyia kazi wote wawili. Dada alikuwa amelazwa kwa sababu ya kifua. Kila mtu alisema ni kifua tu, hata yeye mwenyewe. Jana yake alikuwa akiwatania wauguzi kwamba amekuja kukagua kama mashuka yanafuliwa au yanapungwa upepo tu. Nesi alikuwa amepita kumjulia hali kabla ya kuingia zamu kwenye wodi yake, ile ya afya ya akili, upande wa pili wa uwanja. Akamkuta anatafuta pumzi. Daktari aliitwa, akafanya yanayofanywa, akafikia mwisho wa anayoyaweza, akatazama saa ya mkononi.

Mwili ulipoondolewa, Nesi alibaki kando ya kitanda, na mikono yake ikafanya inachofanya kila kitanda kinapobaki wazi. Ikavuta shuka la juu. Ikavuta la chini. Ikatoa foronya, ikakunja mpira unaokinga godoro, ikafuta godoro kwa dawa kuanzia kichwani kwenda miguuni, kama alivyofundishwa akiwa msichana. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemkataza. Alipomaliza alinawa.

Mume wa dada yake ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa njiani. Simuni alikuwa ameambiwa tu kwamba hali imebadilika, maana habari ya aina ile haisemwi kwa mtu aliyeshika usukani. Alifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope, ameshika mfuko wa machungwa. Akasimama mbele ya godoro tupu linalong'aa.

"Wamemhamishia wapi?" akauliza.

"Shemeji, keti kwanza."

"Nimekaa njia nzima. Nauliza wamemhamishia wapi."

Nesi akamwambia. Akamwambia kwa sauti ileile anayowapa ndugu za wagonjwa, isiyo juu wala chini, na maneno yaleyale. Shemeji aliuweka mfuko juu ya godoro, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Msibani watu walilia. Nesi hakulia. Alipokea wageni, akagawa viti, akajua nani ameshakunywa chai na nani bado. Wanawake wakasema, "Huyu amejikaza kisabuni," wakimsifu. Lakini hakuwa amejikaza. Anayejikaza ana kitu anachokizuia. Yeye alikuwa kama mguu uliolaliwa: upo, una vidole vyote, ukiukanyaga hausemi lolote. Alingoja ganzi iishe ili vianze vile vichomo vya kama sindano. Havikuja. Akarudi kazini.

Sasa, dada yake alikuwa mshauri wa watoto. Hospitalini walimwita Mama Mchanga, kwa sababu ya chumba chake mwishoni mwa korido, baada ya dirisha la dawa. Mlikuwa na mkeka, viti vidogo vya kimo cha goti, na trei mbili za mbao zilizojaa mchanga, zimepakwa rangi ya buluu kwa ndani ili mtoto akiusukuma mchanga pembeni aone maji, au mbingu, au chochote anachotaka kukiona. Ukuta mzima ulikuwa rafu, na rafu zote zilijaa vikorokoro: watu wa plastiki wakubwa kwa wadogo, ng'ombe, simba, nyoka, magari, vitanda, nyumba zenye milango na zisizo na milango, uzio, madaraja, mawe, vifungo, vitu vilivyovunjika ambavyo mtu mwingine angevitupa. Mtoto aliyeona asiyopaswa kuyaona, ambaye ukimwuliza anakutazama viatu, aliletwa humo, akachagua anachotaka na kukipanga kwenye mchanga. Dada alikaa pembeni akimtazama. Basi. Kazi ndiyo hiyo.

"Yaani unalipwa kucheza mchanga," Nesi alikuwa akimwambia.

"Na wewe unalipwa kukunja mashuka, mdogo wangu. Kila mtu na mchanga wake."

Baada ya msiba chumba kilifungwa. Haikupita muda mkuu wa hospitali akamwita Nesi ofisini, akampa pole kwa mara nyingine, akasogeza sogeza kalamu mezani.

"Masjala wanakitaka kile chumba," akasema. "Mafaili yamefika darini. Mimi nawaambia wangoje, lakini nangojea nini? Sina mtu mwenye mafunzo. Nikikitoa, rafu zile zitang'olewa, maana mafaili yanataka makabati."

"Nipelekeni mimi," Nesi akasema.

"Wewe?"

"Nimesomea uuguzi wa akili. Kwenye mafunzo wanachukua hata wauguzi."

Mkuu aliiacha kalamu. "Ni kazi ya watoto, Nesi. Inataka moyo."

"Ninao," akasema, kama mtu anayeulizwa kama ana kalamu.

Ukweli ni kwamba hakuwa na hamu na watoto. Alichotaka ni rafu zile zisiguswe. Dada yake alikuwa amekiweka kila kitu mahali pake kwa mkono wake, na mkono ule haukuwepo tena popote duniani isipokuwa katika namna ng'ombe walivyopangwa. Akifuzu mafunzo, ufunguo ni wake. Asipofuzu, mafundi wataingia na nyundo.

Mafunzo yalifanyika ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda nao ngazi kila asubuhi. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, sauti yake ya chini kiasi kwamba watu wazima waliacha kunong'ona ili wamsikie. Ndiye aliyemfundisha dada. Nesi alipojitambulisha, Mwalimu aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akauachia.

Wanafunzi wengine walikuwa washauri, walimu wa malezi wa shule, na wauguzi. Na alikuwepo Bwana Ustawi, afisa wa ustawi wa jamii, mtu wa mwili wa kutosha watu wawili na mdomo usio na kifuniko. Walipoambiwa wakae kwenye viti vya watoto, ili waijue dunia kwa kimo cha mtoto, alikizunguka chake kama anayenunua mbuzi.

"Kiti hiki kikinivunjikia," akasema, "naomba iandikwe nilifia kazini. Mke wangu asinyimwe haki yake."

Wakacheka. Mwalimu akawagawa wawili wawili, na Nesi akaangukia kwa Bwana Ustawi.

Siku ya kwanza Mwalimu alisimama kando ya trei, akaupitisha mkono juu ya mchanga bila kuugusa.

"Sheria zangu ni chache," akasema. "Huulizi kwa nini. Husifii, maana ukisema 'nzuri,' kesho atapanga cha kukufurahisha wewe. Hugusi. Unakitaja unachokiona, mtoto ajue kuna mtu anayemwona. Na ya mwisho, ambayo wengi mnaidharau: trei haivunjwi mbele ya mwenyewe. Aliyoipanga ni dunia yake. Yeye ndiye anayetoka kwanza. Akishatoka na mlango ukafungwa, ndipo unakichukua kitu kimoja kimoja unakirudisha kwao kwenye rafu, ili wiki ijayo akikifuata akikute. Ukivunja akiwa amekaa, umemwambia alichokuletea ni takataka."

"Na akigoma kutoka, Mwalimu?" Bwana Ustawi akauliza. "Mimi wangu nyumbani hawatoki hata kitandani."

"Unamwambia muda umebaki kidogo. Kisha unamwambia muda umeisha. Kisha unangoja."

"Nikingoja na foleni iko nje?"

"Unangoja na foleni iko nje."

Wakaanza kufanya mazoezi. Mambo yanayoonekana mepesi ndiyo yanayomtoa mtu jasho. Watu wenye vyeo na miwani walishindwa kukaa kimya kwa muda wa kuchemsha maji. Mmoja wa wale walimu wa malezi hakuweza kujizuia kusema "hongera". Kila mwenzake alipoweka mti, hongera, alipoutoa mti, hongera. Bwana Ustawi ndiye aliyekuwa balaa. Zamu yake ya kuwa mshauri ilipofika, Nesi akiwa ndiye mteja, hakukaa kimya hata kidogo.

"Umechukua ng'ombe," akaanza vizuri. Halafu: "Huyu ng'ombe ni nani? Mbona kakupa mgongo? Au ndiye mama mkwe?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu akavaa miwani.

"Umeuliza mangapi hapo?"

"Nilikuwa namchangamsha, Mwalimu. Amepooza sana."

"Hakuja kuchangamshwa."

Nesi zamu yake ilipofika alikaa. Mikono juu ya mapaja, mgongo umenyooka, uso hauombi kitu. Bwana Ustawi alimwaga simba na magari na harusi nzima kwenye mchanga ili amchekeshe, naye akawa anasema tu, "Umeweka simba. Umemwondoa. Umewaweka wawili." Hakuuliza, hakusifu, hakugusa. Mwalimu aliwaita wengine wasogee.

"Mtazameni Nesi," akasema. "Mnaona alivyotulia?"

"Kama maji ya mtungini," mtu mmoja akasema.

Nesi alizisikia sifa zile kama anayesikia wakimsifia mtu wa chumba cha pili. Lakini alielewa kwamba mambo yanakwenda anakotaka. Alichokuwa nacho, ambacho nyumbani watu walianza kukiogopa, hapa kilikuwa ni ufundi. Akawa na hakika ya ufunguo.

Kila mwanafunzi alipaswa pia kupanga trei yake mwenyewe, mbele ya Mwalimu peke yake. Nesi alizipitia rafu kwa muda, kisha akachukua uzio. Akazungushia uzio pembe nne, barabara, akausawazisha mchanga ndani yake kwa kiganja. Akakaa.

"Umeweka uzio," Mwalimu akasema. Baada ya kitambo akasema tena, "Ndani hakuna mtu."

"Hakuna."

"Muda bado upo."

Wakaungoja muda. Chini dukani mtu alikuwa akigongagonga kopo la rangi lifunguke. Muda ulipoisha Nesi alishukuru, akatoka kwanza, kama sheria inavyotaka.

Wakati wa chai Bwana Ustawi alimfuata kwenye ngazi, vikombe viwili mkononi, akakaa ngazi ya chini yake, akaijaza yote.

"Nesi, nikuulize kitu. Hapa siko kazini, naruhusiwa kuuliza. Wewe hucheki, hununi, hulii. Siku ukifa utajuaje?"

"Nitaletewa taarifa."

Bwana Ustawi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. Kisha akafuta suruali, na kicheko kikamwisha.

"Nimesikia ya dada yako," akasema. "Pole. Nilimfahamu kidogo. Niliwahi kumpelekea watoto. Wa kwangu walikuwa wakikataa kuondoka kwake."

"Asante."

"Ni hilo tu," akasema, akanyanyuka kwa kushika ukuta.

Jioni shemeji alipiga simu. Alipiga kila jioni alipokuwa mahali penye mtandao, na maongezi yao hayakuwa na nyama. Zamani alikuwa akimtania mpaka dada anaingilia kati. Alikuwa akimwita "bosi," akidai nyumba yao inaendeshwa na watu wawili na yeye ni kibarua. Siku hizi walitaarifiana tu.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anadanganya, wakaachiana.

"Chumba bado kimefungwa?" shemeji akauliza.

"Kimefungwa. Wiki hii namaliza."

"Watakupitisha?"

"Wanasema natulia sana."

Magari yalisikika yakipita upande wake. "Usiwaachie wazing'oe zile mbao," akasema. "Nilizipigilia mwenyewe rafu zile. Yeye ananionyesha kwa kidole, hapa juu kidogo, hapa chini kidogo. Siku nzima ile. Nilikasirika."

"Hawatazing'oa."

"Haya. Lala salama, shemeji."

Siku ya mwisho ilikuwa ya kupimwa. Kila mtu alimhudumia mwenzake kwa kipindi kizima, kweli kweli, Mwalimu akiwa amekaa kwenye kona, wengine wakisubiri nje. Aliyefuzu angerudi kazini na cheti cha idhini ya kufungua chumba.

Bwana Ustawi alianza. Nesi alipanga mstari wa miti, akauondoa. Bwana Ustawi alikaa mikono ameikalia kweli, chini ya mapaja, ili isimponze, midomo ameibana kama mtoto anayekataa dawa. Aliuliza swali moja tu, akalikata katikati. Mwalimu alitabasamu kwenye kona.

Kisha wakabadilishana viti.

Nesi alisema maneno ya kuanzia: hapa kuna mchanga, kule kuna vitu, chukua chochote, panga chochote, hakuna kosa. Alingoja utani. Haukuja. Bwana Ustawi alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu, akirudisha na kuchukua. Mtu mkubwa vile, na alivishika vitu vile kwa ncha za vidole.

Akaja na mikono imejaa. Kwanza alichimba katikati ya mchanga kwa ukingo wa kiganja mpaka buluu ikatokea, mto mzima kutoka upande hadi upande. Ng'ambo moja akapanga watu, wengi, wote wamesimama wameupa mto mgongo. Ng'ambo ya pili akamlaza mzee mmoja wa plastiki mwenye fimbo, ubavu, akamfukia kidogo miguuni.

"Umemlaza mzee," Nesi akasema. "Umemfunika miguu."

"Baridi," Bwana Ustawi akasema.

Akachukua kiti kidogo, akakiweka kando ya mzee. Akakiangalia. Akakitoa.

"Umeweka kiti. Umekiondoa."

"Hakuna aliyekikalia." Alijikuna shingo. "Ni baba yangu huyu. Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu wawatunze wazee wao, unajua. Nimewapeleka watu mbele ya sheria kwa hilo. Yeye alikufa nikiwa kwenye semina. Semina ya maadili ya kazi." Akaanza kucheka kile kicheko chake, kikapita njia nyingine, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, mengi, yakifuata mashavu mapana mpaka kwenye kola ya shati.

"Unamtazama baba," Nesi akasema.

"Namtazama."

Ilikuwa sahihi. Kwenye kona Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Nesi aliingoja dakika ipite, akasema kwamba muda umebaki kidogo. Akauliza kama angependa kuipa jina dunia yake.

"Nilikuwa Semina," Bwana Ustawi akasema, akapangusa pua kwa kiganja.

"Nilikuwa Semina," Nesi akarudia. Kitambo kikapita. "Muda wetu umeisha."

Bwana Ustawi hakunyanyuka. Alikaa na mikono juu ya magoti, akimtazama mzee.

Hapo ndipo mikono ya Nesi ilipofanya kazi yake. Ilikwenda kwanza kwa wale watu wa ng'ambo, ikawakusanya, mmoja, wawili, ikawalaza kikapuni. Ikachukua kiti. Ikamchomoa mzee kutoka kwenye mchanga, ikamkung'uta mgongoni, kofi dogo na kofi dogo, ikamweka juu ya wengine. Kisha ikausawazisha mchanga kwa kiganja kuanzia juu kwenda chini, vizuri, mpaka pembeni, na mto ukajaa, na buluu ikapotea. Ikachukua kitambaa, ikaufuta ukingo wa trei.

"Nesi," Bwana Ustawi akasema.

Alikuwa anafuta kona.

"Nesi. Bado nipo."

Alimtazama. Kweli alikuwepo, palepale, kiti kidogo kimefichwa chote na mwili wake, uso umelowa. Nesi alimwona vizuri kabisa. Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka chini.

Mwalimu alikuwa amesimama. Alimwambia Bwana Ustawi, kwa upole, aende akanawe uso na arudi baadaye wakae pamoja. Mlango ulipofungwa, alikaa kwenye kiti kile alichokuwa amekikalia Bwana Ustawi.

"Nini kimetokea?" akauliza.

"Nilidhani amemaliza."

"Alikuwa amekaa mbele yako."

"Ndiyo."

"Ulimwona?"

Nesi alifikiri, maana swali lilistahili jibu la kweli. "Hapana," akasema. "Niliona kazi imeisha."

Mwalimu alivua miwani, akaiacha ianguke kifuani. "Dada yako alipimwa kwenye chumba hiki," akasema. "Alilia kabla ya mteja wake. Mteja ndiye aliyempa kitambaa. Nilimwambia hilo ni kosa kubwa, akashtuka, akataka ardhi immeze. Nikampitisha. Kila mtu kwenye mafunzo haya amekosea, Nesi. Huyo mwenzako amekosea mpaka nimechoka. Lakini akikosea anajipiga kofi la paji. Wewe nimekutazama. Hukushtuka."

"Nitajifunza kushtuka," Nesi akasema, na alimaanisha.

"Sikufundishi hilo mimi." Mwalimu aliugusa ukingo wa trei uliofutwa. "Nilikusifu. Nilidhani ni utulivu. Hilo kosa ni langu. Mtoto atakuletea jambo lake, na wewe utalifuta vizuri sana, bila chembe kubaki. Siwezi kukupitisha."

Nesi alitazama trei, mchanga umelala kama shuka lililopigwa pasi.

"Watazing'oa rafu," akasema.

"Nani?"

"Hospitali. Hakuna mtu mwingine. Watazing'oa waweke mafaili. Shemeji ndiye aliyezipigilia. Vitu vyote vimekaa alivyoviweka dada."

Hilo lilikuwa neno refu kuliko yote aliyoyasema kwa Mwalimu tangu afike. Mwalimu alilisikiliza mpaka mwisho, akalipa nafasi lilale.

"Nakuelewa," akasema. "Lakini siwezi kukupa watoto ili rafu zibaki."

Nesi alisema amesikia. Akachukua kikapu, akaenda kukirudisha kila kitu kwao kwenye rafu, mzee wa mwisho. Alijua mahali pa vyote.

Nje, Bwana Ustawi alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameshanawa uso.

"Samahani," Nesi akamwambia.

"Usijali. Baba yangu ameshazoea kuondolewa wakati mimi nazubaa." Alimtazama, akangoja, labda angecheka. "Wamekunyima?"

"Wameninyima."

"Basi na mimi cheti sikitaki," akasema.

"Usiseme upuuzi. Kichukue."

Alikichukua. Na kwa kuwa ofisi yake haikuwa mbali na hospitali, na kwa kuwa watoto wa ustawi walikuwa wakiletwa pale tangu zamani, yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa hospitali kuomba kile chumba kwa siku mbili za wiki. Mkuu alishusha pumzi. Masjala wakapewa stoo ya viti vibovu.

Rafu hazikung'olewa. Lakini Bwana Ustawi alikuwa ameelekezwa na Mwalimu kwamba mshauri hafanyi kazi kwenye rafu aliyopangiwa na mwingine. Lazima avipange vitu kwa mkono wake, ili mtoto akinyoosha kidole gizani mwa moyo wake, yeye ajue kinakonyooshwa. Alimweleza Nesi hayo mlangoni, akikwepa macho yake.

"Nilitaka kuvipanga kama alivyovipanga dada yako," akasema. "Wewe unajua. Nielekeze."

Nesi aliingia. Vumbi lilikuwa limekaa. Alisimama mbele ya rafu, akaona kwamba hajui. Ng'ombe walikuwa karibu na vitanda, na nyoka alikuwa peke yake kati ya nyumba zisizo na milango, na vifungo vilikuwa kwenye kikombe kilichopasuka, na kwa nini iwe hivyo, lazima dada alijua. Hakuwahi kumwuliza. Alikuwa akija kumtania tu na kumwambia wakale.

"Sijui," akasema. "Vishushe."

Wakavishusha. Shemeji alikuwa amerudi kutoka safarini, akaja na nyundo yake, akazitikisa rafu moja moja, akaongeza msumari kwenye ile ya chini iliyokuwa imelegea. Alipomaliza aliangalia ukuta mtupu, akasema ni imara, akamwuliza Nesi kama amekula.

"Nimekula, shemeji."

"Twende ukale tena."

"Nakuja."

Alibaki akimpa Bwana Ustawi vitu kimoja kimoja, naye akivipanga, akisimama mbali, akirudi. Hakutania sana. Alipofikia nyoka alimgeuza geuza.

"Huyu akae wapi?"

"Popote utakapomkuta kesho," Nesi akasema.

Mwalimu alimwambia Nesi afike kwake mara moja kwa wiki, si kama mwanafunzi. Anafika. Wiki nyingine anaweka uzio, wiki nyingine haweki kitu. Mwalimu hajasema lini atarudi kwenye mafunzo, naye hajauliza.

Chumba kinafunguliwa Jumanne na Alhamisi. Anayepokea watoto ni Bwana Ustawi. Nesi yuko wodi ya afya ya akili, zamu ya asubuhi.